Askari wa Ngozini

Dada yangu,

Pokea salamu za kakako. Natumaini u mzima, na kifua cha shemeji kimetulia. Mimi sijambo, ila nina hasira ya kutosha kuchemshia maji.

Nasikia umemwachisha binti yako kabati la mwanga la kliniki ya ngozi, naye alishaingia mara kumi na moja na magamba ya shingoni yameanza kulainika. Eti mwanga unaua askari wa mwili. Unamkatisha mtoto matibabu kwa neno la kuokota? Juzi amepita karakana kwangu, joto lote hili kajifunga mtandio hadi kidevuni, akasema shuleni harudi ng'o mpaka shingo ipone. Hasira zilinipanda nikachomelea geti la watu kichwa chini.

Mimi mwanga naujua. Miaka ishirini na sita nachomelea. Kuna siku nilifanya kazi kutwa nzima bila miwani, na mpaka leo naona sindano ikianguka mtaa wa tatu. Basi jana nikamwendea nesi wa kabati hilo nimchambue kwa maswali. Akanichambua yeye. Alisema mwanga wangu na wake ni ndugu, urujuanimno, ule wa jua usioonekana kwa macho, ila wake hupimwa kwa sekunde. Askari wa ngozi ya binti wamegeuka, wanaishambulia nyumba wanayoilinda, ndiyo hayo magamba. Mwanga huwapunguza wakorofi na kuwaongezea nguvu wapatanishi. Nikauliza kama hauwamalizi wote. Akasema, mzee wangu, ungekuwa unawamaliza, wewe na cheche zako tungeshakuzika.

Sasa dada, kaa chini. Neno la kuua ni langu. Nililisema mezani kwako, shemeji akalibeba. Siku ile niliyowaambia nimemsindikiza mtu kliniki, nesi alisema kupunguza. Mimi nikasema kuua, maana lilijaa mdomo vizuri. Tena sikuwa nimemsindikiza mtu. Nilikuwa kwenye foleni yangu mwenyewe. Nilisikia nusu, nikaogopa, nikatoroka. Magamba hayohayo ninayo mgongoni tangu ujana, nami nilinyamaza mkiulaumu ukoo wa shemeji. Yametoka kwetu.

Jumatatu saa mbili mlete binti. Nesi ametuandika tufuatane: yeye atangulie, mimi nyuma yake, aone mjomba naye anavua shati.

Nisalimie wote nyumbani. La ukoo nitamwambia shemeji kwa mdomo wangu, usinitangulie.

Ni mimi kaka yako,
Fundi Mageti