Njia ya Musa na Boma la Kina Njoroge

Chebet mjukuu wangu,

Chamgei. Hapa Sotik tuko salama. Nyanya yako amepona mguu, na yule ng'ombe wako amezaa. Umeniuliza kama kweli Waisraeli walipita jangwani, maana wachimbaji wa mambo ya kale mnaowasoma huko chuoni hawajaona hata kigae.

Ujanani nilibishana hivyo na jirani yetu Njoroge, tukingoja lori la majani chai. Yeye alichora Sinai mchangani kwa kijiti. Nikamwambia, "Umati kama ule hauwezi kupita bila kuacha hata jivu."

Akacheka. "Kwani ulitaka Musa akuachie risiti?"

Kisha ukaja ule mwaka mbaya wa mapigano ya kikabila, kina Njoroge wakahama asubuhi moja. Sikupata kumuaga. Aliyechukua shamba alilima boma lote, akapanda chai. Juzi nilipita nikitafuta hata jiwe la jiko lao, nisione kitu. Wachumaji wa pale hawajui kama palikuwa na nyumba.

Habari za Musa sizijui, mama. Lakini Njoroge aliishi hapa. Natamani ningejua aliko, nimwambie kwamba ule ubishi alinishinda.

Mungu akutunze huko.

Babu yako