Mwaka Niliouandika kwa Zaina

Jumapili, Kerenge. Joto tangu asubuhi. Mawingu yanajikusanya upande wa milimani, kisha yanatawanyika bila hata tone.

Zaina haendi kwenye mashindano ya Afrika.

Zaina ni mwanafunzi wangu. Kwa miaka minne nimemfundisha jimnastiki, ile ya kucheza na utepe na mpira kwa muziki, juu ya maturubai tuliyoshona pamoja kwa sababu mkeka wenyewe hatuna. Utepe wa kwanza tuliukata kwenye kitambaa cha satini kutoka duka la Mama Hansa, Korogwe mjini. Mwezi uliopita alichaguliwa timu ya taifa ya vijana. Nililia mbele ya wanafunzi, na sikuona haya.

Jana nikapigiwa simu kutoka ofisi ya timu. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema ana miaka kumi na sita. Huo ni umri wa wakubwa, na timu ya wakubwa imeshajaa.

Zaina ana miaka kumi na minne.

Najua, kwa sababu mwaka ule wa uongo niliuandika mimi. Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Bibi yake alimleta akiwa na miaka mitano. Mama mtu amefariki, bibi anashinda shambani, hana wa kumwachia. Walitakiwa wa miaka saba. Nikaandika saba. Baadaye cheti kikatolewa kwa kufuata kumbukumbu zangu za shule.

Nilijiona nimetenda wema.

Leo mchana nilikwenda kwao. Zaina alikuwa anachambua maharage pamoja na bibi yake. Nikawaeleza. Zaina akauliza taratibu, "Mwalimu, nani alikosea?"

"Huko ofisini," nikasema. "Makaratasi yao."

Bibi anakumbuka kila kitu. Aliinua macho, akanitazama, akayarudisha kwenye ungo. Hakunisuta. Afadhali angenisuta.

"Haiwezi kurekebishwa?" Zaina akauliza.

Nikasema tutajaribu. Uongo wa pili. Timu inaondoka Alhamisi, na nimeshaulizia: marekebisho huchukua miezi. Mashindano hayo yakija tena, baada ya miaka miwili, atakuwa ameuvuka umri wa vijana kweli.

Akaingia ndani, akatoka na mfuko wenye mpira na utepe.

"Mpe mwingine, Mwalimu. Darasa la tano kuna watoto wepesi."

Nikaupokea. Nikamuaga bibi, nikaondoka kama mtu aliyetumwa kuchukua mali yake.

Kesho kengele ya mwisho ikilia nitarudi nimwambie ukweli. Hautampeleka popote, na huenda asitake tena kuniona. Lakini sitaki aendelee kuichukia ofisi asiyoijua, wakati aliyemkosea ndiye anayemwamkia shikamoo kila asubuhi.