Boksi Namba 0417

Dada Chizuru,

Nakusihi, ukimaliza kusoma uichane barua hii, na hata shemeji asijue neno.

Mama hajambo, ila goti linamsumbua. Huku kiwandani bado tunatengeneza ile mifuko mnayoipitisha wakati wa upasuaji kwenye tundu dogo la tumbo, ili nyongo au uvimbe utolewe bila kumwagika. Jumatatu tuliijaza maji tukaitundika, na mitatu kati ya kumi ikavuja kwenye mshono. Hata hivyo mkuu wangu, Bwana Kuwabara, aliniletea fomu ya kuipitisha.

"Piga mhuri, binti. Na uulaze kidogo, uinamie wangu. Wako husimama wima kama askari!"

Wenzangu wakacheka. Nami nikapiga, Dada, nikaulaza kuelekea wake, kama mdogo anavyomwinamia mkubwa.

Mifuko hiyo imeletwa hospitalini kwenu. Wewe ndiye unayempa daktari vifaa: usifungue boksi namba 0417. Mfuko ukipasuka, saratani itamwagika ndani ya mgonjwa.

Usinipigie ofisini, simu huipokea Kuwabara mwenyewe. Piga duka la vyakula vya tofu lililo chini ya chumba changu, uniulizie kwa jina. Ukiniambia boksi limeshafunguliwa, nitakwenda Wizara ya Afya kukiri kuwa mhuri ule ni wangu.

Mdogo wako,
Nagisa