Ukurasa wa Kasoro wa Birika la Mdomo Mrefu

UMOJA WA WAFUA FEDHA WA GHOROFA YA PILI
Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Jumamosi, tarehe 14 Septemba, katika karakana iliyo juu ya duka la rangi

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti – mfua fedha, ndiye mwenye birika
2. Mweka Hazina – mpimaji, aitwaye Mizani
3. Mchonga Nakshi – mjumbe
4. Mpiga Picha – mpwa wa Mwenyekiti, huweka matangazo yetu mtandaoni, mwalikwa
5. Katibu – mjane wa Marehemu Fundi, mwandishi

WASIOHUDHURIA
1. Fundi wa Mikufu – amesafiri, alitoa taarifa
2. ~~Fundi~~ (Jina liliandikwa kwa mazoea. Limekatwa.)

KUMB. NA. 1/9: KUFUNGUA KIKAO
Kikao kilifunguliwa saa tisa na dakika ishirini alasiri. Kilichelewa kwa sababu Mwenyekiti alikuwa kwenye ngazi akizungumza na mpwa wake kwa sauti iliyosikika mpaka dukani.

Mwenyekiti alieleza kwamba mnunuzi wa nje amekubali bei ya birika la fedha la mdomo mrefu, na kwamba hatujawahi kupata bei kama hiyo tangu tuanze kuuza mtandaoni. Kilichobaki ni ukurasa wa kasoro, ambao mnunuzi anautaka kesho kabla ya saa sita mchana. Mwenyekiti aliomba kikao kiwe kifupi.

Kwa kuwa Mpiga Picha hajawahi kuhudhuria ukaguzi, Katibu alitakiwa kueleza utaratibu. Alieleza kwamba chombo chochote cha zamani, kabla hakijafungwa kwenye sanduku, huwekwa mezani na kupitishwa mkono kwa mkono. Kila mjumbe hutaja angalau kasoro moja aliyoiona, Katibu huandika, yeye na Mwenyekiti husaini, na ukurasa huo husafiri pamoja na chombo. Utaratibu huu uliletwa na Marehemu Fundi, aliyekuwa akisema kwamba anayenunua mtandaoni hana mikono, hivyo inabidi tumshikie sisi.

Mpiga Picha aliuliza kama huko si kujitangazia ubovu. Mweka Hazina alijibu kwamba ubovu huo ndio unaotupa bei ambayo wenzetu wa mtaa wa pili wanaiota tu, na kwamba kwa miaka mitatu hakuna sanduku lililorudishwa.

KUMB. NA. 2/9: TANGAZO LA MTANDAONI
Mweka Hazina alisoma tangazo la birika kwenye simu yake: "Halijawahi kuvunjika wala kutiwa moto. Lipo kama lilivyotoka mikononi mwa fundi wake." Aliuliza nani ameandika.

Mpiga Picha alisema: "Mimi naandika ninachoambiwa na mjomba."

Mwenyekiti alisema: "Mjomba wako alikwambia liko zima. Hayo mapambo umeyatoa wapi?"

Mpiga Picha alijibu kwamba maneno yote alitumiwa kwa simu, hata nukta hakuongeza, na ujumbe bado anao. "Niusome, mjomba?"

Mwenyekiti alisema haina haja, na kwamba siku hizi mtu akimpa ndugu kazi anajitafutia hakimu.

KUMB. NA. 3/9: MEZA YA DIRISHANI
Jambo hili halikuwamo kwenye ajenda. Mwenyekiti alisema kwamba meza ya Marehemu Fundi imekaa bure miezi sita, inakula nafasi na mwanga, na kwamba yupo fundi aliye tayari kuichukua mwezi ujao.

Katibu alikumbusha kwamba kikao cha mwezi Machi kilikubali meza ibaki kwa mwaka mmoja, ili Katibu ajifunzie hapo kazi ya kusugua na kung'arisha na aendelee kuwa mjumbe kwa haki yake. Alisema pia kwamba haikai bure. Kila asubuhi huwa hapo saa moja na nusu, na nyundo zote zipo kwenye mpangilio ule ule, kubwa kushoto.

Mchonga Nakshi aliuliza kwa nini suala hili limeibuka leo. Mwenyekiti alisema uamuzi wake utategemea ushirikiano atakaouona katika ajenda inayofuata.

Mchonga Nakshi alisema: "Hicho ni kitisho, bwana. Kwa mama aliyefiwa."

Mwenyekiti aliagiza hilo lisiandikwe. Katibu aliuliza ni maneno ya nani hasa yasiandikwe, ya Mchonga Nakshi au ya Mwenyekiti. Mwenyekiti aliita ajenda inayofuata. Yote yameandikwa.

KUMB. NA. 4/9: UKAGUZI WA BIRIKA
Birika liliwekwa mezani juu ya kitambaa cheupe.

Mweka Hazina alitaja kwamba kifuniko kinacheza kidogo. Mchonga Nakshi alitaja kwamba mkono umebonyea upande wa ndani, na kwamba maua ya upande wa kulia yamelika kwa kusuguliwa. Mpiga Picha, ambaye hakulazimika kusema, alitaja weusi chini ya kitako. Mwenyekiti alisema weusi huo ni umri na haumhusu mtu. Yeye mwenyewe alisema hakuona kasoro yoyote. Alikumbushwa kwamba utaratibu unataka moja. Alisema: "Basi andika ni zito."

Zamu ya Katibu ilipofika, Mwenyekiti alisema si lazima Katibu ataje, kwa kuwa yeye si fundi. Katibu alisema hata hivyo angependa kutaja.

Katibu alieleza kwamba mdomo wa birika ulikuwa umevunjika penye shina, na Marehemu Fundi aliuunga kwa moto humu humu karakanani, wakati wa mvua za mwaka juzi. Umeme ulikuwa umekatika, hivyo Katibu, aliyekuwa amemletea mumewe chai, ndiye aliyeshika taa. Marehemu aliungua kidole gumba, akakitumbukiza kwenye kikombe cha Katibu kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Chai ilinywewa hivyo hivyo.

Mwenyekiti alisema: "Shemeji, wewe ulishika taa. Hukushika nyundo."

Katibu alijibu: "Ndiyo, shemeji. Kwa hiyo niliona."

Mwenyekiti alisimama. Alisema kwamba mabirika yenye mdomo mrefu yapo mengi duniani, na mtu aliyefiwa huona vitu vya marehemu kila mahali. Mchonga Nakshi alimtaka afute kauli. Hakufuta. Mweka Hazina aligonga meza kwa jiwe la mizani. Kwa dakika kadhaa watu watatu walizungumza kwa pamoja na haikuwezekana kuandika.

Palipotulia, Katibu alieleza kwamba kila alipounga kitu Marehemu aliacha alama kwa ndani, nukta moja ya fedha kama chembe ya ulezi, ili fundi atakayekuja baadaye ajue pameguswa. Aliomba mjumbe yeyote mwenye kidole chembamba aingize ndani ya birika, mahali mdomo unapoanzia.

Mpiga Picha aliingiza kidole chake kidogo. Akasema: "Ipo."

Mwenyekiti alisema kila fedha ya zamani ina vipele. Mchonga Nakshi naye aliingiza kidole, akasema: "Kipele hiki nakijua. Pete ya mke wangu inacho."

Mwenyekiti alisema kwa hasira, na maneno yake yanaandikwa kama yalivyotoka: "Mtu amekufa na bado ananizibia riziki! Miaka miwili nimekaa na birika hili nikiingoja bei kama hii. Mnajua nilivyohangaika? Nani atamwambia mnunuzi? Wewe?"

Mweka Hazina aliuliza kama Mwenyekiti alijua kwamba mdomo umeungwa. Mwenyekiti aliuliza kama hapa ni mahakamani. Mweka Hazina alirudia swali. Mwenyekiti alisema ndiyo, alijua, yeye ndiye aliyelileta likiwa limefungwa kwenye gazeti, vipande viwili.

Mpiga Picha aliarifu kikao kwamba amekwisha kufuta tangazo na kuandika jipya lenye neno "limeungwa". Mwenyekiti alimwambia alirudishe la kwanza. Mpiga Picha alisema: "Picha zangu zote zina jina langu chini, mjomba. Sirudishi."

Mwenyekiti aliondoka saa kumi na dakika tano, akaubamiza mlango. Kipande cha kioo cha mlango kilianguka na kuvunjika. Mweka Hazina aliendelea kuongoza kikao.

Iliazimiwa, kwa kura tatu bila kupingwa, ukurasa uandikwe kama kasoro zilivyotajwa. Mchonga Nakshi aliomba maneno yake mawili yaongezwe kwenye kasoro ya tano, na yalikubaliwa.

KUMB. NA. 5/9: KUFUNGA
Kabla ya kufunga, Mwenyekiti alirudi kuchukua miwani yake. Aliukuta ukurasa mezani, akausoma akiwa amesimama. Aliuliza nani ameandika maneno mawili ya mwisho ya kasoro ya tano. Aliambiwa ni ya Mchonga Nakshi. Aliingiza kidole ndani ya birika, akakaa nacho humo kwa muda.

Kisha alisema, kwa sauti ile ile ya mwanzo: "Na uandike kwamba hakunitoza. Nilimpa, akakataa. Kama mnataka ukweli, uandikeni wote."

Aliomba kalamu. Mweka Hazina aliuliza ajenda ya meza iandikwe imeamuliwaje. Mwenyekiti alijibu kwamba asiulizwe leo. Imeandikwa: haikuamuliwa.

Kikao kilifungwa saa kumi na dakika arobaini. Vioo viliokotwa na wote.

KIAMBATISHO: UKURASA WA KASORO
Birika la fedha la mdomo mrefu
1. Kifuniko kinacheza kidogo.
2. Mkono umebonyea kwa ndani. Maua ya kulia yamelika.
3. Weusi chini ya kitako.
4. Ni zito.
5. Mdomo uliwahi kuvunjika penye shina. Uliungwa na Fundi, mume wa Katibu, ambaye sasa ni marehemu. Hakumtoza mwenye birika. Alama yake ipo ndani na inaguswa kwa kidole kidogo. Kazi nzuri.
6. Ukurasa huu wenyewe una tundu penye sahihi ya Mwenyekiti. Alikandamiza kalamu. Haukuandikwa upya.

Mwenyekiti: (sahihi)
Katibu: (sahihi)