Shawa ya Urefu Wako

Tarehe 8 Februari

Baba Pacha wangu,

Hujambo, na goti lako je, limetulia? Mimi sijambo, mikono tu imepauka kwa sabuni. Bibi ninayemtunza naye hajambo. Jana alinifukuza kazi asubuhi, mchana akanirudisha kwa sababu hakuna mwingine anayejua miwani yake ilipo.

Wanawe wamemtengenezea bafu upya. Wamefunga shawa moja pana kama sinia, imebandikwa darini, ukifungua maji yanashuka yote kwa pamoja kama mvua isiyo na upepo. Bibi anaiogopa. Anasema hataki kunyeshewa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Basi akilala mchana naingia mimi. Leo nimesimama chini yake mpaka vidole vikakunjamana, nikawa nakufikiria wewe na ile ndoo yetu ya bluu yenye mkono wa waya.

La pili ni hili. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi wa tano, na wanawe wananiomba niongeze miaka miwili. Wewe wasemaje: niongeze, au nirudi? Niandikie, usinipigie. Kwenye simu unanichekesha mpaka nasahau nilichouliza.

Pacha wetu wa kike amenipigia kutoka kwake, anasema siku hizi unakula mikate mitupu. Acha hiyo tabia.

Mkeo,
Mama Pacha

Tarehe 2 Machi

Mama Pacha,

Habari za huko, na habari za Bibi na miwani yake? Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, halafu akaingia mteja nikajifanya napitia oda zake. Mimi mzima. Goti linalia kila nikikanyaga cherehani, wawili hao sasa wanaitikiana kama kwaya. Mikate nakula kwa sababu haina mifupa na haiachi sufuria la kuosha.

Sasa hilo la shawa limenikaa kichwani. Nimekwenda duka la vifaa vya ujenzi pale kona, nikaikuta inaning'inia ukutani, inang'aa, pana kweli. Muuzaji akaniuliza, "Mzee, ni ya hotelini?" Nikamwambia, "Ni ya mke." Akaifuta vumbi kwa mkono wa shati lake, kabla hata sijauliza bei.

Nikamleta fundi bomba, yule tunayemwita Injinia kwa sababu yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kujiita hivyo. Akapanda kulichungulia tangi, akashuka, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Tangi lako liko chini mno, mzee. Shawa ndogo ingevumilia. Hii pana ina matundu mengi, hayo maji yatagawana umaskini."

"Dawa yake?"

"Ama upandishe tangi, ama ushushe shawa. Lakini ukuta utatobolewa. Una hakika inafaa?"

Nikamwambia ngoja niulize mwenye ujuzi. Basi niambie wewe uliyekwisha kuoga: inafaa? Inatoa povu lote kwenye nywele? Maji yake yana nguvu, au yanabembeleza tu? Mimi niko tayari kutoboa.

Mumeo,
Baba Pacha

Tarehe 21 Machi

Baba Pacha,

Salamu zako zimefika, na za goti mwanakwaya pia. Mimi mzima. Bibi ana mafua, na mafua yake yana amri nyingi kuliko yeye mwenyewe.

Umeuliza, nakujibu ukweli. Inapendeza pale mwanzoni. Maji yanabembeleza tu, povu linachelewa kutoka, nami nywele zangu ni nyingi kama bado unakumbuka. Inakunywa maji kama ng'ombe. Tena huwezi kuingia bila kulowa kichwa, kwa hiyo nikiwa nimesuka naishia kuitazama. Kwa bafu letu lile ambalo mlango ukifunguka unaipiga ndoo, na kwa tangi lile, nasema hapana. Usitoboe.

Ila, Baba Pacha, mimi nilikuuliza jambo, wewe ukanijibu bomba. Niongeze au nirudi? Kila wanawe wakija wananitazama usoni kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Mkeo,
Mama Pacha

Tarehe 24 Aprili

Mama Pacha,

Kabla hata sijakujulia hali, naomba usiudhike. Nimetoboa.

Hujambo lakini? Mafua ya Bibi yameacha kutoa amri? Najua nimekaa kimya muda mrefu. Nilikuwa kwenye vumbi la saruji.

Ilikuwa hivi. Injinia alisema kulipandisha tangi ni kazi ya kujenga mnara, bora tuishushe shawa. Akauliza, "Tuishushe mpaka wapi?" Mimi ni fundi cherehani, mwenzangu, nikitishwa natoa tepu. Vipimo vyako sihitaji kuuliza mtu. Nikalitundika gauni lako la kijani kwenye msumari, pindo likae pale linapokaa ukilivaa, nikapima kutoka begani mpaka utosini, nikaongeza kilemba, halafu nikaongeza inchi nne za akiba.

"Za nini?" akauliza Injinia.

"Kitambaa hurudi kikifuliwa, kikawa kifupi."

"Mzee, ukuta haufuliwi."

Nikamwambia achore alama afunge. Akafunga, akarudi nyuma, akaitazama shawa, akanitazama mimi. "Hii ni ya nani?"

"Ya mwenye nyumba."

"Si wewe?"

"Mimi ni mlinzi tu hapa."

Basi imefungwa kwa urefu wako barabara, na urefu wako, bila kukukosea heshima, unaishia kwenye kidevu changu. Kila asubuhi naingia na usingizi, inanipiga paji la uso. Nina nundu. Mteja mmoja amenishauri nisigombane na vijana.

Maji yanashuka vizuri. Si mvua ya kutisha, ni manyunyu ya heshima. Niliifungua mara moja kuijaribu, nikaifunga. Mimi naoga ndoo, yenyewe inanitazama. Gauni bado liko kwenye msumari, sijapata sababu ya kulitoa.

Lile swali lako nimelikwepa, najua. Ulipoandika habari za sinia la darini nilijiambia, basi, huyu ameshaonja, atarudije kwenye ndoo ya bluu? Nikisema rudi, ukarudi, ukasimama mlangoni pale ukalitazama bafu letu ukanyamaza, mimi nitajificha wapi? Nikaona nitengeneze kwanza pa kurudia. Sasa pametengenezeka. Wewe fanya unavyoona vema.

Mumeo mwenye nundu,
Baba Pacha

Tarehe 6 Mei

Baba Pacha,

Pole na nundu. Iweke kitambaa cha baridi, usiisugue. Mimi mzima wa mwili.

Nimesoma habari za gauni la kijani nikalia, nikafika kwenye paji la uso nikacheka. Bibi akauliza wazimu umenianza lini.

Unajua kwa nini siku ile nilisimama chini ya lile sinia mpaka vidole vikakunjamana? Nilikuwa nasubiri. Sikujua nasubiri nini. Jumamosi nikiosha nywele, wewe hukaa kwenye kile kigoda, kopo mkononi, unajimwagia kwanza kiwikoni, halafu unauliza, "Yanaunguza?" Kila kopo unauliza. Maji ndoo moja, moto uleule, nawe unauliza. Nilikuwa nakwambia acha maneno, mwaga. Sasa hii shawa inamwaga tu. Haina habari na mimi.

Juzi nilikuwa namwosha Bibi nywele. Nikajisikia nauliza, "Yanaunguza?" Akasema, "Acha maneno, mwaga." Nikageukia ukutani, nikamwambia sabuni imeniingia machoni.

Umenifungia shawa ambayo nitaogea peke yangu. Kuoga peke yangu naoga huku kila siku. Na hilo la "fanya unavyoona vema," hilo wewe huwaambia wateja wanaoshindwa kuchagua vifungo. Mimi si mteja. Mwisho wa mwezi karatasi itawekwa mezani, nami kama sina neno lako nitatia saini, kwa sababu mtu hawezi kurudi mahali ambapo hakuitwa.

Mkeo,
Mama Pacha

Tarehe 15 Mei

Mama Pacha,

Mimi mzima. Rudi.

Nilikwisha kukuandikia kurasa nzima, nikazisoma, nikakuta nimeeleza tena habari za tangi. Nimezichana.

Shawa iache palepale, nitatundikia taulo. Ndoo ipo. Ule mkono wa waya nimeuzungushia kitambaa nikaushona, usikukate. Kigoda nimekiweka juani. Rudi nyumbani, mke wangu. Nimekuita.

Mumeo

Tarehe 2 Juni

Baba Pacha,

Bibi amenifukuza kazi tena. Safari hii nikamwambia ahsante, akanishika mkono asiuachie mpaka miwani ikaanguka. Aliyekuja kushika nafasi yangu ni mpole. Nimemwonyesha miwani inakojificha, nikamfundisha kujaribu maji kwa kiwiko.

Nafika Jumamosi mchana. Usije kituoni na goti hilo. Gauni la kijani lipige pasi. Kisha bandika maji, ukae usubiri.

Nywele sijaosha. Nakuja nazo hivyohivyo.

Mkeo