Jani la Isale Kwenye Kitasa cha Sekei

Olasiti, Arusha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Naamini umeamka salama huko Njombe na goti limetulia, na kama halijatulia basi umelipaka ile dawa badala ya kulikemea. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na Meru nauona kila asubuhi mawingu yakiruhusu. Naandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja wewe umeshasema kumi, halafu unakata.

Umeniambia niende Sekei nikampigie magoti Mama Brayan. Mama, siendi. Usiitupe barua kwanza, maana mama mdogo wa Themi amekusimulia nusu tu.

Kazi yangu unaijua. Ule udongo laini wa plastiki naukanda, nausukuma kwa kisukumio cha chapati, naugandamizia kitu chenye alama zake, iwe kitambaa cha kochi, gunia la kahawa au jani, kisha nauvisha kwenye kitasa na kuuoka kwenye oveni hadi ugumu. Mapambo ya swichi nayaoka peke yake, nabandika kwa gundi. Wewe unaita kuchezea udongo. Sawa, lakini mchezo huo ndio unaonilisha.

Mama Brayan alinipa kazi ya kupamba nyumba yake nzima, vitasa vyote na swichi zote, na akaahidi kunipa na nyumba ya wageni anayoijenga. Kwenye mlango wa mama mkwe wake, Bibi Ndeshi, nikaweka jani refu nililolichuma kwenye uzio wao. Nilipenda mistari yake tu. Mimi Mbena, ningejuaje kwamba hilo ndilo isale, na kwamba kwa Wachaga mtu aliyekosa hupeleka jani hilo kuomba msamaha, na anayeletewa hakatai?

Na hao wawili walikuwa hawaongei. Mama Brayan alimwambia bibi mbele ya wageni kwamba jikoni si kwake, na tangu hapo bibi akawa anakula chumbani peke yake, mlango umefungwa. Asubuhi nilipofunga kitasa chake, akakishika, akalipapasa jani, akaanza kulia. "Mae! Mkwe wangu ameniletea isale!" Akatoka, akaketi mezani, akaomba mtori wa ndizi. Akampigia simu mwanawe kazini, akawapigia na ndugu wa Marangu.

Mama Brayan akanivuta hadi stoo.

"Wewe dada, nimekutuma uniombee msamaha? Mimi sijakosa! Nenda kabandue, halafu umwambie ulikosea."

"Kweli nilikosea," nikamjibu. "Lakini kubandua sibandui."

"Basi nyumba ya wageni uisahau. Na kina mama wa kanisani nitawaambia wewe ni mtu wa namna gani."

Nikaweka kisu changu mbele yake. "Hicho hapo, mama. Bandua mwenyewe, bibi akiwa anakuangalia."

Hakukishika. Alinifukuza.

Hilo ndilo kosa langu lote. Kazi nimeipoteza na inaniuma, sikufichi, nimelia. Maneno yamefika kanisani, na wateja wengine wamenyamaza ghafla. Lakini mama, wewe ulinifundisha kumpigia magoti mtu niliyemkosea. Kumpokonya bibi wa watu furaha yake ili mkwewe aendelee kununa vizuri, hilo hukunifundisha, na hata ungenifundisha nisingelifuata.

Jumamosi nikasikia hodi. Bibi Ndeshi huyo, amekuja na bodaboda kutoka Sekei, na mguu wake mbovu, kitenge chote vumbi. Nilijua amekuja kunigombeza. Akakaa kwenye kiti changu cha kazi bila kukaribishwa.

"Kumbe mkwe wangu hakunitumia lile jani," akasema. "Amenieleza mwenyewe, kwa hasira."

Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza.

"Nyamaza, mwanangu. Mimi nilimsema vibaya yule binti kwa ndugu zangu wote, kabla hata hajanitolea lile neno la jikoni. Sijawahi kumwomba msamaha. Nitengenezee lingine. La mlango wake."

Mama, nimelitengeneza, na katika vitasa vyote nilivyowahi kuoka hakuna kilichotoka vizuri kama hicho. Mistari ya jani unaweza kuihesabu kwa kidole.

Nisalimie kaka yangu mkubwa, mwambie apumzike Jumapili, mbao hazikimbii. Shangazi mpe pole ya kuuguliwa. Wadogo zangu wape busu. Mama mdogo usimgombeze, nitamsimulia mwenyewe ile nusu aliyoiacha.

Kitasa nakwenda kukifunga Jumatatu, Mama Brayan akiwepo. Akitaka kunifukuza tena na anifukuze, ila atanikuta nimeshakaza skrubu ya mwisho.

Ni mimi mwanao, mkaidi kama wewe,
Atukuzwe