Tumbo Langu na Midomo ya Mkolani

Jumapili, 2 Machi 1997

Kanisani tena. Katikati ya mahubiri nikasikia unyevu. Sikubanwa, sikupata hata dalili, choo kimetoka tu kama cha mtoto anayenyonya. Nikabaki nimeketi mpaka watu wote wakatoka, najifanya nasali. Mchungaji akadhani nimeguswa na neno. Akanipongeza mlangoni, kisha akakunja pua na kuuachia mkono wangu haraka. Neno gani la kumgusa mtu? Alihubiri kama anayesoma bei za pamba.

Nilipokuwa msimamizi wa zamu pale kiwanda cha nguo, wanaume walinyooka nikipita. Sasa kiwanda kinatafutiwa mnunuzi, sisi tumepunguzwa, nami siwezi kusimamia hata matako yangu mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa jirani yangu Bashiru, mwenye duka la dawa. Juzi tu alikuwa akiuza betri na biskuti. Siku hizi ukivaa koti jeupe umekwisha kuwa daktari. Nikamwambia bado naharisha. Akanipa vidonge vya kufunga tumbo, vilevile vya mwezi uliopita, akasema niongeze. Halafu akaegemea kaunta, akashusha sauti: mzee Mihayo umekonda, kapime.

Kapime nini? Nimekonda kwa sababu sili. Sili kwa sababu nikila naaibika. Lakini siku hizi mtu akiharisha na kukonda, mtaa mzima wa Mkolani umekwisha mchimbia kaburi. Ule ugonjwa hawautaji, wanautazama tu usoni mwako. Mimi, ambaye hata baa za Igoma nazijua kwa kuzipita!

Jumatatu, 10 Machi

Suzana, mke wangu, amehamia chumba cha binti yetu Hellen. Anasema ni joto. Joto gani na mvua hizi? Kikombe changu amekitenga, kiko peke yake dirishani kama mfungwa.

Nikamuuliza kama ananiona maiti. Akajibu bila kunitazama:

"Baba Hellen, niambie ukweli tu. Nami nijue hali yangu."

Nilitaka kumtukana. Sikupata nafasi, ilibidi nikimbilie chooni. Sikuwahi.

Alifua yeye. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 13 Machi

Hospitali. Nimekwenda kwa hasira, si kwa busara. Daktari mwenyewe msichana, Sihaba, ana ushungi mweupe, umri wa Hellen. Shikamoo mzee. Marahaba. Kisha akavaa glovu, akaniambia nilale ubavu, nikunje magoti. Hilo sitaliandika. Ukutani pana bango la uzazi wa mpango, familia nzima inacheka. Inacheka nini?

Anasema siharishi hata kidogo. Nimefunga choo! Kinyesi kigumu kama tofali kimejaa pale mwisho, misuli ya kuzuia imelegea kwa kutanuliwa, na majimaji ya juu yanapenya pembeni. Hayo ndiyo ninayoyaita kuharisha. Vidonge vya maumivu ya mgongo nilivyokuwa nikimeza tangu kiwandani ndivyo vilivyoanza kunifunga, vya Bashiru vikamalizia.

"Mzee, ulikuwa unaziba palipokwisha ziba."

Nikamwambia hana adabu. Hakuudhika. Anasema anawaona wengi, wanaume kwa wanawake, na karibu wote wanakuja wamechelewa kwa sababu ya aibu.

Wakachukua damu. Wakanisafisha kwa bomba na maji. Nimerudi nyumbani mwepesi, nimekula ugali na sato nikamaliza sahani. Bashiru kanipungia mkono barabarani. Sikumjibu. Daktari wa biskuti.

Jumamosi, 22 Machi

Masharti. Vidonge vya Bashiru marufuku. Dawa ya maji ya kulainisha choo, papai, mchicha, maji mengi. Baada ya chai ya asubuhi nikakae chooni, nibanwe nisibanwe, maana utumbo huamka mtu akishakula. Na mazoezi: kukaza kule nyuma kama mtu anayezuia ushuzi mbele ya wakwe, kushikilia, kuachia, kurudia. Nayafanya wakati wa taarifa ya habari. Wao wanatangaza ubinafsishaji, mimi nakaza.

Inasaidia. Naudhika kukiri. Wiki hii nimechafuka Jumanne tu.

Majibu ya damu yametoka, ni safi. Nimemwambia Suzana. Akasema, "Haya." Hakuamini; kila mgonjwa husema damu yake safi. Sasa nimweleze na hayo mengine? Kwamba nilizibwa na mavi? Bora wanizike na ule ugonjwa. Ule angalau watu wanauogopa.

Jumapili, 6 Aprili

Chenge yuko sebuleni. Ndiye mshenga wa upande wa mchumba wa Hellen, watu wa Igoma, wana gereji moja basi wanajiona wazungu. Soda hajaigusa. Anasema wenzake wanaomba kuahirisha harusi kwanza, wamesikia habari za afya ya mzee. Hawana ubaya, wanataka tu kujua nyumba wanayooa. Hellen amesimama na sinia, hajui aliweke wapi. Nikafungua mdomo nimfukuze Chenge, na tumbo likanguruma.

Nimeingia chumbani. Naandika nimeegemea kabati. Nakaza. Hakijatoka kitu.

Suzana alinifuata. Nimemwambia. Yote, tofali na majimaji na glovu. Nilingoja acheke. Akaketi kitandani, akatazama mikono yake.

"Mimi tangu nimzae Hellen sizuii choo vizuri. Ndiyo maana safari za mbali siendi."

Miaka yote hiyo nikimwita mvivu wa kusafiri. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nikuambie wewe?"

Akainuka, akajifunga khanga vizuri, akatoka. Ukuta huu ni karatasi, nasikia kila neno. Anamwambia Chenge. Haogopi, anataja choo kwa jina lake, anataja na hospitali. Sasa anasema hata yeye, mama wa bibi harusi, ana tatizo hilohilo, na kesho Jumatatu anakwenda kwa daktari.

Chenge anakohoa. Hellen katoa sauti, sijui kacheka au analia.

"Baba Hellen," Suzana anaita. "Njoo umalizie mwenyewe."